Siku Baba Aliponijibu

Nilikuwa mwimbaji wa bendi ya roki Bariadi. Nikisema hivyo leo dukani kwangu, ninakouza vitenge na nyuzi za cherehani, wateja hunitazama juu hadi chini, kisha huuliza bei ya kitenge. Siwalaumu. Hata wakati ule, tukiwa na magitaa mawili, dramu tulizoachiwa na mtu aliyehama mji na spika za kuazima, watu wengi walidhani bado tunajaribu mitambo na muziki wenyewe unakuja.

Tulikuwa wanne. Mpiga gitaa alikuwa mtoto wa mwinjilisti, kijana mpole wa kwaya, lakini alipopata kile kifaa cha kuikwaruza sauti ya gitaa akawa mtu mwingine kabisa. Mpiga besi alikuwa fundi redio. Mpiga dramu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nywele zake zilikuwa na nyuzi nyeupe hata siku za sherehe. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti, na mdomo pia. Kwenye harusi moja, mama wa bwana harusi alinijia katikati ya wimbo, akaniinamia sikioni na kuniuliza taratibu naumwa wapi.

Naikumbuka miaka ile kwa uchu. Msimu wa pamba malori yalipita yakidondosha nyuzi, na michongoma ya kando ya barabara ikawa myeupe kama imechanua. Sisi tulipanda bodaboda na magitaa mgongoni, tukaenda Maswa, tukaenda kokote tulikoitwa, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope. Walikuwapo vijana waliotupenda. Hawakuwa wengi, ila walitupenda hasa, wakajua nyimbo zetu kuliko sisi wenyewe tulivyozijua.

Lakini mtu niliyetaka anisikie alikuwa mmoja tu, naye hakuwa shabiki.

Baba yangu alikuwa ningi. Ndivyo tunavyomwita kwa Kisukuma mtunzi na mwimbaji kiongozi wa ngoma. Kwao ni Meatu, upande wa Lingeka, na alilima pamba na kuchunga ng'ombe kama kila mtu, ila mavuno yakiisha alikuwa mfalme. Ngoma za kwetu ni mashindano. Makundi mawili hukaa pande mbili za uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji huhama wenyewe, na upande uliojaa ndio ulioshinda. Ningi humchokoza mwenzake wa ng'ambo kwa wimbo, na mwenzake humjibu palepale. Tena ningi hajibizani na kila mtu. Akikujibu, amekukubali kuwa wewe pia ni mwimbaji. Usipojibiwa, rudi nyumbani ukatwange mahindi.

Na mimi ndivyo nilivyokuwa, natwanga. Tangu utotoni nilimtungia baba vijembe huku mchi ukipanda na kushuka: kwamba ng'ombe wake wamekonda, kwamba kofia yake imemzidi umri. Alicheka, akaendelea kutafuna michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakunijibu hata mara moja. Nilipokuwa mwimbaji wa bendi nikampelekea wimbo wetu kwenye simu. Aliusikiliza hadi mwisho, akasema bila ukali kwamba muziki ambao mtu hawezi kumjibu anayeuimba ni kelele tu. Afadhali angenitukana.

Basi mwaka mmoja, baada ya mavuno, kundi lililokuwa lishindane na la baba lilipatwa na msiba, likajitoa. Uwanja ulikuwa umeshaandaliwa, watu wameshaalikwa. Mzee mmoja wa kamati, mpenda vituko, akauliza kwa nini asiitwe yule binti wa ningi na magitaa yake. Nilikubali kabla sijawauliza wenzangu. Nilitaka jambo moja: baba asimame ng'ambo yangu na alazimike kunijibu.

Mpiga besi alishauri tutafute dawa ya mvuto, kwa kuwa inajulikana makundi ya ngoma hayaendi uwanjani mikono mitupu. Mpiga dramu, mlokole, akasema hapandi gari moja na dawa. Tulibishana hadi tukachoka, mwishowe tukakubaliana kwamba dawa yetu ni jenereta. Tukaazima kubwa kuliko yote tuliyoipata, na spika za kuijaza pickup. Tulijiona tumemaliza mchezo.

Na kweli, tulipoanza, watu walitujia kwa wingi. Nilifumba macho nikaimba kwa nguvu zangu zote. Nilipoyafumbua, uwanja ulikuwa umeanza kuhama. Watu walikwenda upande wa baba wakicheka, na walipokuwa wakienda waligeuka kunitazama. Niliona njuga miguuni mwa wachezaji wake, nikaona mdomo wake ukifunguka na kufungika, lakini sikusikia kitu. Nikapaza sauti zaidi. Wakazidi kuhama, hadi wale vijana wetu. Mama mmoja alipita mbele yangu akanitazama kwa huruma, na hapo ndipo nilipoelewa. Baba alikuwa ananichokoza. Uwanja mzima ulisikia ninachoambiwa, isipokuwa mimi.

Nilimwashiria mpiga besi azime. Yeye akadhani nataka aongeze, akaongeza. Nikashuka mwenyewe nikaenda kuizima jenereta.

Masikio yalivuma kidogo, kisha sauti ya baba ikanifikia, kavu na tulivu, bila kipaza sauti. Alikuwa anaimba kwamba ng'ombe wake amejifunga kengele kubwa, sasa mchungaji anaita na ng'ombe hasikii, anasikia kengele yake tu. Watu walikuwa wanashikilia mbavu. Niliona haya, nikakasirika, na papo hapo nikatamani kucheka, kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri.

Nilisimama pale bila waya wala spika, nikamjibu kwa Kisukuma. Sauti ilikuwa imekwaruzika. Niliimba kwamba nilikuita tangu nikiwa ndama, hukuitika. Ndama asiyeitikiwa hutafuta kengele. Nyuma yangu mpiga dramu alianza kupiga kwa viganja, polepole, akinifuata.

Waliokuwa wanahama wakasimama katikati ya uwanja. Baba aliegemea fimbo yake, akatazama chini, na njuga zikatulia. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule. Nilijua akiwageukia watu wake na kuanza wimbo mwingine, basi sitaimba tena mbele yake maishani.

Akainua kichwa. Akaimba, "Ndama ameota pembe. Nipisheni, nimsogelee."

Tulishindwa vibaya, ng'ambo ya baba palijaa hadi watoto wakapanda mabegani. Mimi nililia mbele za watu kwa furaha, na wenzangu wakadhani nalilia kushindwa, wakanibembeleza njia nzima.

Bendi haikufa kwa ugomvi. Mpiga gitaa alipata kazi Mwanza, mpiga dramu akaoa, mpiga besi akabaki na redio zake, na mimi nikafungua duka. Tukikutana tunacheka. Spika moja ya kuazima, ambayo mwenyewe hakuja kuidai, ilibaki kwangu. Nimeitandikia kitambaa na juu yake napanga vitenge.

Baba sasa anaishi nami. Nguvu anazo, ila masikio yamekwisha. Asubuhi namwamkia mwangaluka mara kadhaa, naye anaangalia barabara bila kugeuka. Wajukuu wamejifunza kumgusa bega. Kinachonitesa ni kwamba ameacha kuimba. Nilidhani amesahau.

Juzi alikuja dukani, akaondoa vitenge kimoja kimoja, akavua kile kitambaa na kuipapasa spika kama mtu anayekagua mnyama mnadani. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Washa mashine yako, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Nichokoze nikujibu."

Niliiwasha hadi vioo vya kabati vikatetemeka na mteja mmoja akatoka nje. Nikamwimbia kwa kipaza sauti kwamba kuna mchungaji Bariadi amejifunga pamba masikioni ili asisikie ndama wakilia. Baba aliweka kiganja kwenye spika, akainamisha kichwa, akafikiri kidogo. Kisha akanijibu.