Utando wa Sabuni ya Mkia

Nikisikia harufu ya mafuta ya kondoo yakichemka, masikio huniwaka kwa aibu. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza la kemia: niliiona sabuni nikaidhania uchafu.

Tulikuwa tunakaa Maisaka, katika ile miaka ya themanini ambayo duka la jirani lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji mpole, ila bidhaa hakuna. Sabuni tuliisahau. Tulifulia majani ya mpapai, na shati langu jeupe la shule likawa na rangi ambayo sijaiona tena popote. Mimi nilivumilia kwa kununa. Lakini Mama alikuwa karibu kujifungua, na vitambaa vya mtoto huwezi kuvifulia majani.

Bibi, mama yake baba, akashuka kutoka Mbulu na mkia wa kondoo, mnene, umefungwa kwenye kanga. Kwao mafuta ya mkia hupakwa mzazi na mtoto mchanga. Kuyafulia nguo lilikuwa jambo la kumwomba mtu ukiwa umeinamisha macho.

"Nusu tu, Mama," Mama alimwambia.

Bibi aliukata mkia katikati. "Haya. Ila mkiharibu, sina mwingine. Kondoo ana mkia mmoja."

Mama alichoma maganda ya maharage na magunzi, akajaza majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu. Yakatiririka pole pole, ya rangi ya chai, yanateleza vidoleni na kuuma ulimini. (Niliyaonja, ndiyo. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo.) Akayachemsha pamoja na mafuta tangu asubuhi, akikoroga, mpaka vikawa kitu kimoja kizito kinachonata kwenye mwiko. Mchana akatia chumvi. Kisha mgongo ukamzidi.

"Yosefu, nakwenda kujinyoosha. Angalia moto. Usiguse kitu."

Sasa mnielewe. Nilikuwa mtoto anayefuta neno kwenye daftari mpaka karatasi inatoboka. Mbele yangu utando mzito ulianza kupanda juu ya sufuria, wa kahawia, umevurugika kama maziwa yaliyokatika, na chini yake yakabaki maji meusi yametulia. Niliingiwa na hofu. Mkia ulikuwa mmoja, na taka zote hizi zilikuwa zimeuvamia! Nikachukua upawa, nikaengua utando wote, tone kwa tone. Sikuumwaga, kwa majivuno tu: niliuweka kwenye beseni bovu ili Mama aone nimeondoa uchafu kiasi gani.

Bibi akaja kuchungulia.

"Mume wangu, mbona humu mna maji matupu?"

"Nimesafisha, Bibi. Uchafu ule pale."

Alitazama beseni, akanitazama. Akachota kidogo kwa kidole, akasugua kiganjani na maji. Povu likatoka, jeupe kabisa.

"Mama Yosefu! Njoo umwone mwanao! Sabuni kaiita takataka, maji machafu kayatunza jikoni kama uji!"

Mama alitoka ameshika kiuno. Mimi nilikuwa nalia tayari. "Nimeuharibu mkia?"

"Hujaharibu, baba. Ndivyo inavyotolewa. Umeipakua tu." Kisha akamwona Bibi bado anafuta machozi ya kicheko, naye akaanza, ameshika tumbo. "Mama, niache jamani, nitazalia hapa hapa!"

Hakuzalia pale. Mdogo wangu wa kike alikuja siku chache baadaye, akalazwa kwenye vitambaa safi, amepakwa ile nusu nyingine ya mkia.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kemia nimejifunza mwenyewe kwenye vitabu vya kuazima. Huko ndiko nilikoelewa kilichotokea sufuriani. Mafuta ni minyororo mirefu ya atomu za kaboni na hidrojeni, mitatu mitatu, imefungwa pamoja kichwani. Maji ya majivu hukata vifungo hivyo, na kila mnyororo ulioachwa huru unakuwa sabuni: kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Chumvi huifukuza majini, nayo huelea. Mnyororo wenyewe haufi; hufunguliwa hapa ukafungwa kwingine. Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu nikamfikiria mdogo wangu, kwamba mwili wake nao ulijengwa kwa atomu za aina hizo hizo, kutoka kwenye maharage na maziwa aliyokula Mama, zikashikana upya ndani yake.

Bado napenda kila kitu kinyooke, na bado naogopa kukosea. Ila zamani nilikuwa nikikosea najificha. Siku hizi namwita mtu aje aone.