Matairi ya Fundi Saa

Mimi siulizi mtu ametoka wapi. Nalishika tairi lake la nyuma, nalizungusha polepole, napitisha kiganja juu yake, na safari yote inakuja yenyewe. Aliyekimbia kwenye lami iliyonyooka tairi lake limeisha katikati, bapa kama kibao cha kukatia mboga. Aliyepita kwenye kokoto ana vijikato vidogo vidogo kila mahali. Mwoga anayebana breki kila mara anajulikana kwa tairi la mbele, limeliwa kwa mawimbi. Nimekaa kwenye duka hili miaka kumi na tisa, na tangu niingie mji huu sijavuka hata daraja la pili la kutokea mjini, lakini barabara za huko nje nazijua. Mchana kukiwa na joto na wateja hakuna, nalala kidogo kwenye kiti changu na kiganja kimebaki juu ya mpira, nakwenda mbali kweli.

Sasa huyo fundi saa. Kibanda chake kinatazamana na duka langu, chumba chenye upana wa mlango tu, saa za ukutani zimening'inia juu mpaka chini, na kila moja ina wakati wake. Ukimuuliza saa ngapi, anaangalia simu. Mzee wa miaka sitini na moja, mpole, vidole vyembamba, na ile lenzi anayobana jichoni imemchorea duara chini ya nyusi ambalo haliondoki hata akioga.

Alikuwa na binti mmoja. Mama yake alifariki mtoto angali mdogo, basi mzee akamlea peke yake. Asubuhi alimsuka mwenyewe, kwa vidole vile vile vya saa, na misuko yake ilikuwa imenyooka kuliko ya sisi wanawake. Binti akakua, akataka kuolewa na dereva wa malori. Mzee akakataa. Binti akaondoka hivyo hivyo, na siku ile mtaa mzima tulisikia alichoambiwa, maana mlango ulikuwa wazi: "Ukitoka hapa, mimi sina mtoto."

Akaenda kukaa ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nzima. Miaka minne kimya. Halafu ujumbe ukaingia kwenye simu ya mzee: Baba, una mjukuu wa kike. Njoo umwone. Aliuleta dukani nimsomee, na miwani yake iko usoni, ili asikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Akajibu neno moja: Nakuja.

Mwezi haukuisha, akanunua pikipiki. Pikipiki kubwa ya safari, ya mkono wa pili, ya kijivu, ina kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku ya mizigo ubavuni. Ujanani aliwahi kupeleka barua kwa pikipiki, kwa hiyo kuendesha alijua. Lakini kinyozi, jirani yangu, alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Mzee, basi lipo kila asubuhi," nilimwambia.

"Basi linanitia kichefuchefu, dada."

Akaenda, akarudi siku ya nne. Akaenda tena, akarudi siku ya nne. Mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, na kila akirudi alikaa hapa kwangu jioni akasimulia. Jamani, mzee yule alijua kusimulia. Barabara inapanda, alisema, kona tisini, moja imeshikana na nyingine, na ukungu umelala juu yake kiasi kwamba ng'ombe wanatokea vichwa kwanza, miili inafuata baadaye. Unashuka upande wa pili na jua linakupokea. Nyumba ya binti ina bati jekundu. Mjukuu analala kifuani kwake mchana wote, amekishika kidole chake kimoja, na yeye hathubutu kukohoa. Nilikuwa naziba pancha nikisikiliza, mara nashtuka gundi imekaukia mkononi. Kinyozi siku moja alimnyoa mtu upande mmoja, wa pili akausahau. Mtoto yule nilimjua harufu, namna alivyosimuliwa.

Jumamosi moja mzee akaja kubadilisha matairi.

"Nipe yale magumu, dada. Yale ya kudumu."

Nikaipandisha pikipiki kwenye stendi yake, nikalizungusha la nyuma. Katikati, kipara. Sawa, lami ndefu ile. Nikasogeza kiganja pembeni, kwenye bega la tairi, na mkono ukasimama. Tairi jipya huja kutoka kiwandani na vinywele vya mpira, laini, kama vya sikio la mzee. Ukilala kwenye kona vinanyolewa, hata ukiwa mwoga vipi. Vya fundi saa vilikuwa vimesimama vyote, upande huu na upande ule, kama siku nilipolifunga, alipoinunua pikipiki. Kona tisini kwenda na tisini kurudi, mara tatu, na hakuna kinywele kilichoguswa.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai.

"Fundi, hukufika," nikasema.

"Wapi?"

"Tairi hili halijawahi kulala kwenye kona hata moja. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako inaishia chini ya mlima."

Alikaa juu ya rundo la matairi mabovu, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Akaniambia pale chini ya mlima pana kituo cha mafuta, na nyuma yake nyumba ya wageni yenye viti vya bluu barazani. Analala hapo. Asubuhi anavaa helmeti, anapanda mpaka kona ya kwanza, anashuka, anasimama. Ukungu unamjia miguuni. Halafu anageuza, anarudi kukaa kwenye kiti cha bluu siku mbili nzima, na siku ya nne anarudi nyumbani.

"Na mtoto aliyekushika kidole?"

"Nilimwota. Pale kwenye kiti."

Roho iliniuma, na hapo hapo nikataka kumpiga na spana. Nilikuwa nimempenda mtoto yule! Mwaka mmoja na nusu namlea kichwani mwangu, sasa naambiwa alikuwa ndoto ya mchana ya mtu aliyeshiba chai.

"Kwa nini basi hukupanda basi?" nikamuuliza.

"Basi lingenifikisha, dada."

Kwenye ukuta wa kwangu matairi yamepangwa kwa safu, na jua la saa tisa lilikuwa linayapita moja moja. Tulikaa tukiyatazama kama watu wanaosubiri kuitwa.

Mwisho nikasimama. Nikamshushia matatu, nikamlazia kila moja mapajani alishike. La kwanza ndilo hilo gumu analolitaka: litakula lami miaka, lakini asubuhi ya ukungu, barabara imelowa na mpira umepoa, kwenye kona litamwangusha. La pili la vijana wa mashindano: laini kama ndala mpya, linang'ang'ania, ila linataka joto ndipo lifanye kazi, na kabla hajarudi litakuwa limekwisha. La tatu limechanganywa. Katikati gumu kwa ajili ya ule mwendo mrefu, mabegani laini kwa ajili ya kona, na mifereji yake inakwenda mpaka ukingoni kutoa maji.

"Nipe gumu," akasema.

"Gumu ni la mtu anayegeuza. Hilo sikuuzii."

"Siogopi kona, dada."

"Najua huogopi kona."

"Naogopa mlango. Akifungua, niseme nini?"

"Sema umechelewa. Si ndiyo kweli?"

Akatoa lenzi mfukoni, akaibana jichoni, akaliinamia lile la tatu. Alilisoma bega lote, kidole gumba kikitangulia, akabonyeza, akaachia, akatazama mpira unavyorudi mahali pake. Ilichukua muda, na sikumharakisha. Kisha akasema tufunge hilo, mbele na nyuma.

Nilifunga mwenyewe. Nikapaka maji ya sabuni kwenye kingo, nikajaza upepo mpaka tairi likakaa kwenye rimu kwa kishindo chake, nikasawazisha uzito. Nikamwonya kwamba jipya linateleza, kilomita mia za kwanza aende kama amebeba mayai, alale kidogo kidogo mpaka lizoee. Jumatatu alfajiri akaondoka. Hakutuaga, lakini nilimsikia.

Siku ya nne ndiyo siku yake ya kurudi. Nilikaa mlangoni tangu mchana, na kila mlio mzito wa pikipiki ulininyanyua. Hakurudi. Siku ya tano mvua ikanyesha, kinyozi akaja kusimama kwangu, akatazama barabara, akaondoka. Simu ya mzee haikupatikana. Siku ya sita sikuweza kula. Nilijiona nikimbembeleza mzee wa watu aache tairi lake zuri la kudumu, achukue langu la kulalia kona, tena msimu wa mvua. Kama ameteleza kule, ni mimi. Nikilala na kiganja juu ya mpira, nilikuwa naona ukungu mtupu, na mtu hayumo.

Siku ya nane, asubuhi, simu ikaita.

"Dada, samahani kukusumbua. Nikipakia mtu, tairi la nyuma niliweke upepo kiasi gani?"

Nikashika meza. "Fundi, uko wapi?"

"Huku."

"Unampakia nani?"

"Mtu mzima mmoja."

"Ana kilo ngapi?"

"Ngoja nimuulize."

Nikasikia mlango, kuku, maji yanamiminwa kwenye ndoo. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa: "Baba, mwambie hayo hayamhusu." Halafu akacheka kidogo, akasema sitini na nane.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza, maana mdomo wangu haujui kukaa.

"Mtoto tunamwacha na baba yake," mzee akasema. "Nimemwambia mama yake kila kitu. Anataka nimpeleke ile kona ya kwanza, aone mahali nilipokuwa nageuzia."

Machozi yalinitoka hapo hapo, na mteja amesimama mbele yangu na tairi begani. Nikamwambia arobaini na mbili, apime asubuhi tairi likiwa bado la baridi. Akairudia namba. Nyuma yake binti naye akairudia, ili wasiisahau.