Makopo Mawili ya Udongo

Mama Hoho, kama majirani walivyomwita kwa ajili ya pilipili hoho alizolima nyuma ya nyumba, alikuwa mtu wa kushuku. Muuza mbolea alilazimika kumpimia mfuko mara mbili mbele ya macho yake. Kivuli chake kingechelewa kidogo tu, angekiuliza kilikuwa wapi.

Kwa hiyo majani machanga ya hoho yalipogeuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani, hakuumiza kichwa. Ng'ambo ya safu ya matofali palikuwa na tuta la wifi yake, mke wa kaka yake, na hoho za huko zilinona hadi zikakera. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Akaacha kumsalimia. Akimwona ameinama karibu na matofali, alisimama dirishani mpaka ainuke.

Ushahidi ndio uliokosekana. Siku moja wifi alipokwenda sokoni, Mama Hoho alichota udongo wa kila upande, akajaza makopo mawili, akampelekea bwana shamba ofisini. Hakusema lipi la nani. Alitaka kumpima na mpimaji.

Bwana shamba alikoroga udongo kwenye maji, akachovya karatasi zake.

"Huu mzuri. Lakini huu wa pili, ona, karatasi imekuwa buluu, magadi yamezidi. Madini ya chuma yamo, ila mmea hauyapati. Ni kama kukaa mbele ya sahani umefungwa mdomo."

"Umetiwa sumu?"

"Umetiwa majivu, mama. Tena mengi. Nani anamwaga majivu hapo?"

Mama Hoho alianza kukusanya makopo yake. Aliyamwaga mwenyewe, kila asubuhi, mwaka wa tatu sasa, ili kufukuza wadudu. Ya jikoni kwake yalikuwa hayatoshi, ndiyo maana alimwomba wifi amkusanyie ya kwake. Njiani alijaribu kumbebesha wifi lawama kwa hayo hayo majivu, lakini hata yeye aliona haya.

Alimkuta wifi penye matofali, ameshika ndoo.

"Wifi, umeninunia na sijui kwa nini. Majivu yako haya."

"Usilete tena. Ndiyo yanayoua hoho zangu." Mama Hoho akaendelea. "Nilidhani ni wewe. Nilidhani unanitilia sumu. Nisamehe, wifi."

Wifi aliitua ndoo taratibu.

"Na ule uji niliokuletea ulipokuwa na homa?"

Angeweza kudanganya.

"Niliumwaga."

"Ulikuwa na homa, huwezi hata kusimama, ukainuka kwenda kumwaga uji wangu."

"Ndiyo."

Wifi akageuka, akaingia ndani. Mama Hoho akasikia komeo likisukumwa, mchana kweupe, kwenye mlango ambao kwake yeye haukuwahi kufungwa.