Laki Moja ya Baba

Nilikuwa nanunua mchele Kamsamba na kuupeleka Tunduma, ambako Wazambia waliuchukua kwa magunia. Mwaka niliokopa milioni nne kwenye kampuni moja ya mikopo, lori lilinasa kwenye tope siku tisa, mvua ikapenya turubai. Nilipofungua magunia, mchele ulikuwa umeota ukungu. Nilipeleka marejesho mawili, nikashindwa. Nikabadilisha namba ya simu, nikarudi Mbozi kwa baba, kwenye kahawa.

Sikujihesabu kuwa nimekimbia. Nilijiambia nikipata nitalipa. Sikupata. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, hakuna aliyenitafuta, nikaamini wamenisahau.

Mwaka wa sita ulipokaribia kutimia, afisa wao akafika nyumbani. Alianza na baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

Akaeleza yote mbele yake. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kujua habari za deni lile. Hakunikaripia. Aliinamisha kichwa tu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Leo hatudai zote," afisa alisema kwa upole. "Dada akitoa hata laki moja, akasaini kwamba analitambua deni, inatosha kuonyesha nia njema."

Sikuwa na laki. Baba alikuwa na kahawa kavu ndani, akingoja bei ipande. Kesho yake akaiuza kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa, akaniwekea noti mkononi.

"Dawa ya deni ni kulipa, mwanangu. Nenda kasaini, uwe na amani."

Nikaenda ofisini kwao Tunduma, nikalipa, nikasaini. Njiani kurudi nilijisikia mwepesi.

Msimu uliofuata niliomba mkopo mdogo kwingine, ninunue cherehani. Binti wa dirishani aliandika namba ya kitambulisho changu, akatazama kompyuta.

"Dada, taarifa zako za mikopo zinaonyesha kuna deni hujamaliza. Hatuwezi kukupa."

"Lakini nililipa laki moja!"

"Imeonekana. Na salio limeonekana."

Nikaenda Vwawa kwa mwanasheria anayesaidia watu bila malipo. Alisoma nakala ya barua niliyosaini, akaisoma tena.

"Ulilipa marejesho ya mwisho lini, kabla ya haya?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole.

"Kwa mkataba kama huu walikuwa na miaka sita ya kwenda mahakamani. Ilibaki miezi minne. Ulipotoa ile laki na kukiri kwa maandishi, hesabu ikaanza upya. Sasa wana miaka sita mingine."

"Ningenyamaza, deni lingekufa?"

"Lisingekufa. Mahakama ndiyo ingefunga mlango, kama ungesimama kudai kwamba muda umepita. Deni lenyewe lingebaki. Na zile taarifa za wakopaji zina muda wake, haziendi na huu wa mahakama. Huenda bado wangekukatalia cherehani."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ongea nao wapunguze riba," alisema, akanirudishia karatasi. Sauti yake haikuwa na tumaini, na sikumlaumu.

Niliongea nao. Hawakupunguza. Kabla ya mavuno wakanifungulia kesi, na hakimu akaniamuru kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Ninacholipa kwa kulima vibarua hakifiki hata riba.

Baba alikuwa ameanza kuumwa kifua. Siku moja aliniuliza kutoka kitandani, "Lile jambo la Tunduma liliisha?"

"Liliisha, baba."

"Mungu ni mwema."

Jumapili iliyofuata alijikongoja hadi kanisani, akatoa shukrani mbele ya watu wote kwamba nyumba yake haidaiwi. Nilikaa benchi la nyuma, nimefunika uso kwa kitenge. Tulimzika kabla ya mvua za kwanza. Mwisho wa mwezi ule nilipanda gari kwenda Tunduma kupeleka rejesho.