Mbolea Tuliyoichoma

Siku hizi nikiona maafisa ugani vijana wakishuka kwenye pikipiki na kuanza kuwafundisha wazee kulima, hupandwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya kujikasirikia mimi. Nami nilikuwa bwana shamba. Nilitoka chuoni na cheti, suruali ya kaki na kiburi tele, nikapangiwa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Laela, kijiji alichohamishiwa mama yangu mdogo.

Alikuwa mjane. Binti yake wa pekee aliolewa Mtowisa, kule bondeni, na mkwe alishatuma salamu mara mbili kwamba mama aende akakae nao. Mama mdogo hakutaka hata kusikia. "Nikale kwa mkwe wangu, mimi?" Kwetu hiyo ni aibu ya kumfanya mtu ashindwe kuinua uso. Kishamba chake cha ulezi ndicho kilichomweka mbali nayo.

Alikilima kwa ntumba, kama Wafipa wenzake. Mvua zinapokaribia kwisha unafyeka nyasi, unazirundika, unazifunika kwa udongo mpaka panakuwa na tuta la mviringo la kufika gotini. Juu unapanda maharage. Nyasi zinaoza humo taratibu, na msimu unaofuata unalipasua tuta, unasambaza ule udongo mweusi, unamwaga ulezi. Mimi nimekulia kwenye kazi hiyo. Nilijua vizuri kabisa.

Lakini agizo la wilaya lilikuwa mahindi, kwa mistari, kwa kamba, kwa mbolea ya chumvichumvi. Nilitakiwa niwe na shamba la mfano kabla wakubwa hawajaja kukagua. Wanakijiji waliniitikia "ndiyo, bwana shamba," na hakuna aliyegusa tuta lake. Nikamwendea mama mdogo.

"Shikamoo, mama. Nisaidie, wenzako wananidharau."

"Marahaba. Na ulezi wangu?"

"Mahindi yatakujazia ghala. Nimeyasomea."

Akacheka. "Haya, msomi ni wewe. Mimi nilisomea jembe."

Tuliyapasua matuta mvua zikiwa bado hazijashika. Mizizi, mabonge na nyasi zilizooza vilinizuia kunyoosha kamba yangu, nami niliwaza jinsi wakubwa watakavyoona shamba chafu. Nikaagiza vikwanguliwe vyote, virundikwe pembeni, na vilipokauka nikavitia kiberiti. Mama mdogo aliuliza mara moja tu, "Hiyo nayo unaichoma?" Nikamwambia asijali, mbolea inakuja na lori kutoka Sumbawanga. Tena nikamwambia asipande mpaka ifike.

Mvua zikashika. Majirani wakamwaga ulezi, ukaota. Yeye anakuja kwangu, anauliza, "Lori?" Namjibu kesho. Kesho kutwa anarudi, namjibu vilevile. Lori lilikwama huko lilikokwama, na mwisho wa Januari nikamwambia apande hivyohivyo. Mahindi yalitoka ya njano, mafupi, yakabeba magunzi matupu. Wakati wa ulezi nao ulikuwa umeshapita.

Wakubwa walipokuja, mkutano uliitishwa palepale shambani. Mmoja wao akauliza kulikoni. Watu wote wakanitazama. Nikasema, Mungu anisamehe, "Mkulima alichelewa kupanda."

Mama mdogo akasimama. "Ni kweli," alisema. "Nilichelewa." Akaketi.

Walipoondoka nilimfuata kwake, nikamkuta jikoni anachambua mboga. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli, nami ndiye niliyemwambia angoje. Hakuacha kuchambua. "Wakikufukuza, dada yangu atakula nini?"

Mama yangu alikula kwa mshahara wangu, ni kweli, na mshahara ule niliendelea kuupokea miaka mingi, na kupandishwa cheo nikapandishwa.

Maharage yake yalipokwisha aliteremka Mtowisa. Nilimsindikiza mpaka mwanzo wa mteremko nikimbebea mzigo, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Tukaishia kuzungumza habari za joto la bondeni. Alikaa kwa mkwe wake miaka minne. Binti yake aliniambia kwamba siku zote alikula peke yake, nyuma ya nyumba, hata walipombembeleza. Walimzika hukohuko, na mimi sikuwahi kumwomba radhi.