Nilimnyima Mume Wangu Vidonge Ili Anenepe

Nimekosa. Naanza hapo ili msijichoshe kunitafutia udhuru. Mume wangu hakurogwa na mtu. Ni mimi, mke wake wa ndoa ya kanisani, niliyemfikisha alipo.

Tunakaa kwenye shamba la mzungu huku juu Molo. Mume wangu, Baba Njeri, alikuwa nyapara wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mtu wa mwili! Akipita na lile tumbo lake watu walimwamkia kwa heshima, nami nikimfuata nyuma nilijiona mke anayejua kupika.

Mwaka jana alianza kuumwa na kichwa huku kisogoni, na kizunguzungu juu yake. Tukapanda lori la viazi hadi hospitali kule Nakuru. Daktari akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza pumzi, akatikisa kichwa. Alisema damu inasukuma kwa nguvu mno, na isipotulizwa siku moja atapooza. Akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi.

"Hata ukijisikia mzima, usiache," alisema. "Na upunguze huo mwili. Mafuta na chumvi, kidogo tu." Sote wawili tulisikia.

Nilitii, Mungu ni shahidi. Nikapika mboga za kuchemsha na maharagwe yasiyo na ladha. Kichwa kikaacha kumuuma, na kitambi kikaanza kushuka.

Ndipo maneno yakaanza. Siku hizo watu waliokonda kwetu ni wale waliorudi kutoka kizuizini walikofungwa na serikali, na kila mtu aliwahurumia. Lakini mume wangu hakuwa ametoka popote ila mezani kwangu!

"Mama Njeri, siku hizi koti ndilo linamvaa mzee," mama mmoja aliniambia tukitoka kanisani. "Ama umemfungia unga?" Wenzake wakacheka. Nilicheka nao, lakini lilinichoma.

Kisha habari ikaja kwamba mama mkwe anakuja kututembelea kutoka Limuru. Hakuwa amemwona mwanawe tangu shida za Emergency, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, zianze. Na kwetu, mama akimkuta mwanawe amekonda hamuulizi daktari. Anamtazama mke. Nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba vile vidonge ndivyo vinavyommaliza mwili.

Asubuhi moja Baba Njeri alinyoosha mkono kama kawaida, maana dawa nilikuwa naitunza mimi. Nikamwambia, "Daktari alisema ukipata nafuu upumzike kwanza."

Alinitazama. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

Akashusha mkono, akanywa chai yake. Uongo mtupu, jamani! Nilimsingizia daktari wa watu bila hata kupepesa macho.

Tangu siku hiyo nikamlisha. Nyama ya kondoo iliyonona, supu ya chumvi nyingi, viazi vinavyoogelea kwenye siagi. Naye alikula! Mama mkwe alipofika alimshika mwanawe mashavu, kisha akanikumbatia mimi. "Asante, binti yangu. Umenitunzia." Nilifurahi sana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Kabla mama mkwe hajarudi kwao, tukila chakula cha mchana, kijiko kilimtoka Baba Njeri mkononi. Alijaribu kukiokota, mkono ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Akataka kusema neno, yakatoka mate tu. Mama yake akapiga mayowe.

Hospitalini, daktari yule yule aliuliza, "Vidonge alikuwa anameza?" Nikajifanya namfuta mgonjwa mate. Mama mkwe naye alishaanza kutaja majirani wenye kijicho waliomroga mwanawe, nami nikamwacha awataje watu wasio na hatia. Ole wangu!

Miezi ikapita, ulimi ukaanza kurudi kidogo. Mama mkwe akamwuliza mbele yangu ni nani aliyemtenda hivi. Baba Njeri akahangaika na maneno, moja moja.

"Hakuna... mtu. Ni mimi. Niliacha... dawa."

Kisha akanitazama. Alijua! Alijua tangu asubuhi ile kwamba daktari hakusema vile, na bado akanibebea. Nami nikamwacha abebe.

Sasa namwogesha, namvisha, namgeuza kitandani. Unyapara amepewa mwingine, na nyumba ni ya shamba, hatujui tutakaa mpaka lini. Vidonge anameza tena, lakini mkono ule haujainuka. Nimechoka, ndugu zangu. Hata kulia nimechoka.

Wake wenzangu, mwacheni mume akonde! Wanaowacheka hawatakuja kuwasaidia kumwinua. Dawa ikiwa ni ya kila siku, ni ya kila siku, hata kama mtu anaimba na kupasua kuni. Na msione kitambi mkadhani ndiyo afya.

Mama mkwe yuko hapa bado. Kila siku anamgombeza mwanawe kwa ukaidi wa kuacha dawa, naye anainamisha kichwa tu. Mama huyo hajui kusoma. Maneno haya yakichapwa gazetini, nitamsomea mimi mwenyewe, mwanawe akiwa ameketi papo hapo.