Hibla na Ng'ombe Aliyeghaniwa

Hibla alizaliwa na mdomo. Bibi aliyemlea alimlisha ugali kwa jibini, akamlisha na tungo za yule mshairi aliyeifungulia njia lugha yetu ya Kiabkhazi, na mtoto akavimeza vyote. Kisha akaolewa na Daur wa bondeni, mdomo ukafungwa. Ndiyo mila yetu: mke wa mwana hasemi mbele ya baba mkwe mpaka mwenyewe amruhusu. Na Mzee Mazlou, baba yake Daur, wala hakuwa mkali. Alisahau tu, basi! Miaka ikapita, Hibla akiyamalizia maneno yake zizini, akimghania ng'ombe wakati wa kukamua.

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka mshairi huyo, kijiji kizima kilijaa uani kwa Mazlou, naye akaghani shairi lake moja refu. Hiyo ndiyo fahari yake, hana nyingine. Mwaka huo akafika katikati, akakwama. Akakohoa, akaanza upya, akakwama palepale.

"Vipi, Mazlou, mafuta yamekwisha?" jirani yake Kuchir akamchokoza. Watu wakacheka.

Hibla alikuwa barazani, mwiko mkononi, roho inamuuma. Akisema, amemvunjia mzee heshima mbele za watu. Akinyamaza, mzee anaumbuka. Loo! Akampa mkwewe mgongo, akamgeukia ng'ombe aliyefungwa kando ya ua, akamwambia ng'ombe ubeti unaofuata, kwa sauti ambayo hata kiziwi angeisikia.

Mazlou akaudaka, akaendelea. Akakwama tena, ng'ombe akaambiwa tena, hivyo hivyo mpaka tamati. Makofi hayo!

Mzee akainua pembe yake ya kunywea divai. "Haya, nani kamfundisha ng'ombe wangu mashairi?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini alipomtazama Hibla, sauti ikamlainika. "Binti yangu, nimekufunga kinywa kwa usahaulifu wangu tu. Nisamehe. Daur, chinja mbuzi! Kuanzia leo mkeo aseme. Haya, mwanangu, neno lako la kwanza kwangu?"

Hibla akageuka, machozi ya furaha yanamlengalenga, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba, umeruka ubeti mmoja."

"Umeyataka mwenyewe!" mama mkwe akapiga kelele, mbavu hana.

Mazlou alicheka mpaka divai ikamwagika. Kisha akasogea pembeni, akamwachia mahali pake.

"Basi njoo usimame hapa, uuseme."